Somo la 6: Kukumbuka Matango ya Misri

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Hesabu 11:4–34, Mwanzo 25:29–34, Danieli 1:3–20, 1 Wafalme 19:1–8, Mithali 25:16, 27, Yohana 6:26–35, Warumi 7:18–25.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 10:31. Kila mshiriki alisome kwa sauti kutoka katika Biblia yake, kisha ajaribu kulirudia bila kutazama.

Anayeishi Kidatu haishi mbali na sukari. Miwa imepandwa pande zote mbili za mto Ruaha. Msimu wa kuvuna unapofika, mashamba huchomwa moto jioni, na asubuhi akina mama hukuta majivu meusi juu ya nguo walizoanika. Harufu ya molasi hufika mpaka mlangoni mwa kanisa. Ukisogea kusini kuelekea Mang'ula na Ifakara unakutana na neema nyingine ya bonde hili, yaani mpunga, na mchele wake unanukia hata kabla haujaiva. Bwana ametupa bonde zuri. Hata hivyo, wengi wetu tunaugua presha na kisukari katika bonde hilohilo.

Mwandishi wa somo hili ni mmoja wao, kwa hiyo hatazungumza kama mtu aliyekwisha kufika. Nilipojiandaa kwa ubatizo niliacha kambale, na niliacha kwa siku moja. Waliokulia katika bonde la Kilombero wanajua kwamba kambale mkavu aliyeungwa kwa nazi si kitu kidogo, lakini Mambo ya Walawi 11 lilikuwa wazi kwangu, nami sikurudi nyuma. Majani ya chai nayo niliyaacha, nikahamia mchaichai. Nilitoa ushuhuda kanisani kuhusu mambo hayo mawili. Ila katika kikombe kile cha mchaichai niliendelea kutia vijiko vinne vya sukari, asubuhi, alasiri na usiku, pamoja na maandazi matatu. Miaka mingi baadaye, katika zahanati moja, mhudumu alipima sukari yangu, akatazama kipimo, akapima tena. Alipokuwa akipima mara ya pili nilimkumbuka mama yangu mkubwa, aliyekatwa mguu.

Juma hili tutajiuliza kwa nini mtu huacha kambale kwa siku moja na kushindwa kupunguza sukari kwa miaka kumi, na Biblia inamwambia nini mtu huyo.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Hamu Iliyolia Jangwani

Soma Hesabu 11:4–9. Watu walivikumbuka vyakula gani? Walisahau kutaja nini?

Hesabu ya vyakula vyao ni ndefu na imepangwa vizuri: samaki, matango, matikiti, vitunguu vya aina mbalimbali. Mtu mwenye njaa kali hatoi orodha ya namna hiyo. Anataka chochote. Watu hawa walikuwa wameshiba mana. Walichokililia ni ladha ya nyumbani.

Angalia tena fungu la 5. Wanasema samaki wale waliwala bure. Kisha fungua Kutoka 1:13, 14 uone jinsi walivyofanyishwa kazi kwa ukatili, katika chokaa na matofali na shambani. Hakukuwa na samaki wa bure Misri. Gharama yake ilikuwa migongo yao na watoto wao waliotupwa mtoni. Lakini ulimi ulikumbuka chumvi na kitunguu, ukasahau mjeledi.

Hivyo ndivyo kumbukumbu ya chakula inavyofanya kazi hata leo. Mtu aliyeambiwa na mtabibu apunguze sukari hakumbuki usiku alioamka mara tano kwenda chooni, wala ganzi ya nyayo. Anakumbuka maandazi ya moto ya mama yake, mvua inanyesha, na watoto wameketi kuzunguka jiko. Kumbukumbu hiyo si ya uongo, na wala haina dhambi ndani yake. Ila imekatwa nusu.

Sasa soma fungu la 8. Mana ilisagwa kwa mawe au kutwangwa katika vinu, ikatokoswa vyunguni, ikafanywa mikate. Maana yake ni kwamba Mungu hakuwapa chakula kibaya, wala hakuwanyima mapishi. Iliwezekana kuipika kwa namna zaidi ya moja, nayo ilikuwa na ladha. Tatizo lilikuwa kwamba kila siku waliipima kwa kipimo cha Misri.

Endelea hadi fungu la 34. Mahali pale palipewa jina la makaburi ya tamaa. Ni jina zito, nasi tusilitumie kuwatisha wagonjwa wetu. Wagonjwa wa kisukari wamekwisha kutishwa vya kutosha. Lakini tusilifute pia, kwa sababu kuna makaburi katika vijiji vyetu ambayo tunayajua.

Ni chakula gani ambacho kumbukumbu yako imekikata nusu, ukabaki na utamu na kusahau gharama yake?

JUMATATU
Bakuli la Dengu

Soma Mwanzo 25:29–34. Esau alikuwa katika hali gani alipofanya uamuzi wake?

Tukifundisha afya tunapenda kugawa vyakula katika makundi mawili, vizuri na vibaya. Hadithi hii inatusumbua, kwa sababu chakula kilichomwangusha Esau ni dengu na mkate. Mshauri yeyote wa lishe angemsifu! Kosa halikuwa ndani ya bakuli. Esau alikuja kutoka porini amechoka, akaamini kwamba atakufa asipokula saa ileile, akatoa kitu cha maisha yote kwa ajili ya kitu cha dakika kumi.

Basi uchovu na haraka vichunguzwe kabla ya chakula. Mkata miwa anayerudi nyumbani alasiri, mwili ukiwa umekauka kwa jua na masizi, hupita kibandani na kununua soda baridi na chipsi mayai. Kumwambia mtu huyo habari za mchicha saa hiyo ni kupoteza maneno. Angekuwa na chupa ya maji na mhogo wa kuchemsha au machungwa mawili tangu saa nne, asingefika pale kibandani katika hali ya Esau. Maamuzi mengi ya chakula hufanyika saa sita kabla ya kula.

JUMANNE
Siku Kumi za Danieli, na Vijiko vya Sukari

Soma Danieli 1:3–16. Orodhesha hatua alizochukua Danieli kuanzia fungu la 8. Alifanya nini mkuu wa matowashi alipoogopa?

Kwanza Danieli aliamua moyoni. Kisha akaomba, hakugomba. Mkuu wa matowashi alipoeleza hofu yake, Danieli hakumshutumu kuwa mpagani. Alikwenda kwa msimamizi wa chini na kuleta pendekezo dogo lenye mwisho: siku kumi, mtama na maji, halafu watazame. Mara nyingi tunahubiri uamuzi wa Danieli na kuruka pendekezo lake. Lakini ni pendekezo lile lililofanya uamuzi ule uwezekane mezani.

Siku kumi ni muda ambao hata mwoga anaweza kuuahidi. Mtu anayesema, kuanzia leo sitakula tena kitu kitamu maisha yangu yote, kwa kawaida amerudi kwenye maandazi kabla ya Jumatano. Ulimi nao una utaratibu wake. Ukipunguza sukari au chumvi kidogo kidogo, kwa majuma kadhaa chakula kitaonekana kimepooza, kisha ladha inazoea, na kile ulichokipenda zamani kinakuwa kikali mno. Mungu aliumba ulimi unaofundishika.

Tufanye hesabu kidogo, maana kundi letu la Kidatu lilishangaa tulipoifanya. Kijiko kimoja cha chai kina sukari ya gramu nne hivi. Vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko 12, karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Kwa mtu mzima wa kawaida sehemu moja ya kumi ni gramu 50 hizohizo. Yaani mimi nilikuwa nimemaliza kiwango chote kwa mchaichai peke yake, kabla ya kugusa andazi, kabla ya soda ya Sabato mchana. Chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 huongeza karibu gramu 30.

Soma Mithali 25:16 na 27. Sulemani hasemi asali ni najisi. Anasema ina kiasi chake, na ukizidisha utaitapika. Hapa ndipo swali la Sabato linapojibiwa, kwa nini kambale aliondoka kwa siku moja na sukari ikabaki. Kambale kwetu ana ukuta: ama unakula, ama huli. Sukari, mafuta, wali na chumvi havina ukuta, vina kipimo, na kipimo kinahitaji mtu aamue upya kila mlo. Kanisa letu limefundisha tangu mwanzo kwamba kiasi kina sehemu mbili: kuacha kabisa kile chenye madhara, na kutumia kwa busara kile kilicho kizuri. Sehemu ya kwanza tumeijua sana, hata tunajulikana nayo mitaani. Ya pili wengi hatujaianza.

Wali wetu nao tuuseme. Bibi zetu walitwanga mpunga kwa kinu na mchi, na mchele uliotoka haukuwa mweupe sana, kwa sababu sehemu ya ganda la ndani ilibaki. Mashine ya siku hizi huondoa ganda hilo lote na kutupa mchele mweupe unaong'aa. Pumba laini zilizobaki wanapewa kuku, na kuku wananenepa. Katika miaka ya 1890 daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakilegea miguu, na waliporudishiwa mchele usiokobolewa wakapona. Uchunguzi huo ulisaidia kuelewa ugonjwa wa beriberi na kugundua vitamini, na mwaka 1929 akapewa Tuzo ya Nobel. Mambo ni hayohayo kwa sembe na dona: sembe imeondolewa kiini na ganda, dona imebaki navyo. Wanga uliokobolewa sana pia huingia mwilini haraka na kupandisha sukari ya damu upesi.

Je, tuache wali? Kumwambia mtu wa Kilombero aache wali ni kumwambia ahame. Wapo wanaofundisha hivyo, na mimi sikubaliani nao. Tulichofanya nyumbani ni kubadili sahani. Zamani wali ulijaa sahani nzima na maharage yakakaa pembeni kama mgeni. Sasa nusu ya sahani ni mboga za majani, matembele au majani ya maboga au mchicha, robo ni maharage au kunde au choroko, na robo ni wali. Mezani hakuna kitu cha kigeni, wala hakuna kilichonunuliwa mjini. Mboga hizo zinaota nyuma ya nyumba, na bei ya fungu la matembele sokoni haizidi ya soda.

Neno moja la tahadhari. Anayetumia dawa za kisukari, hasa sindano za insulini, asipunguze chakula ghafla wala kufunga kabla ya kuzungumza na mtabibu wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka mno. Na wala asiache dawa kwa kuwa ameanza kula mboga.

Ukijiwekea jaribio la siku kumi leo, ungechagua kitu gani kimoja? Utamwomba nani nyumbani akusaidie, kama Danieli alivyomwomba msimamizi?

JUMATANO
Mkate Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–8. Eliya alihitaji nini, na Mungu alianza na nini?

Nabii ametoka Karmeli kwa ushindi mkubwa, na siku chache baadaye analala chini ya mti akiomba kufa. Mungu hakumletea hubiri wakati ule. Alimletea usingizi, mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Baadaye akamwamsha na kumlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Mazungumzo yalisubiri mpaka Horebu, siku 40 mbele.

Kwa hiyo chakula cha kumfariji mtu si uvumbuzi wa Shetani. Mungu mwenyewe ametuliza mioyo kwa mkate wa moto. Katika Yohana 21:9–13 Yesu anawawashia wanafunzi moto wa makaa na kuwaandalia samaki na mkate, nao ni watu walioshindwa usiku kucha, na mmoja wao alikuwa amemkana.

Nasema hivi kwa sababu kwetu sukari ni lugha. Ukienda kumjulia hali mgonjwa unabeba kilo ya sukari. Ukienda msibani, sukari. Ukienda ukweni mikono mitupu bila hata sukari, watu watasema. Mgeni akija, kumwekea kikombe kisicho na sukari ni kama kumwambia hatukukutarajia. Malipo ya miwa yakitoka, baba anarudi nyumbani na kreti ya soda, na watoto wanajua mwaka umekuwa mzuri. Mtu anayeacha vitu hivi haachi ladha tu. Anaogopa kuacha upendo uliokuja pamoja navyo. Tusipoelewa hilo, mahubiri yetu ya afya yatasikika kama ubaridi.

Na kuna aina nyingine ya kula inayofanana na hii lakini si hii. Ni kula usiku peke yako, baada ya ugomvi, au baada ya simu ya mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya ada, maandazi mawili yaliyobaki, kisha la tatu, huku huna njaa. Miezi niliyofiwa na mke wangu nilikula hivyo. Nilikuwa nikisema ni njaa ya usiku. Siku moja mzee wa kanisa jirani yangu alipita saa mbili usiku, akanikuta, hakusema lolote kuhusu maandazi. Aliketi tukazungumza habari za marehemu mpaka saa nne. Usiku ule sikula tena, na sikuona kama nimejinyima.

Soma Yohana 6:26, 27 na 35. Watu walimtafuta Yesu kwa sababu walikula wakashiba. Yesu hakujuta kuwalisha. Lakini aliwaonyesha kwamba kulikuwa na njaa nyingine chini ya ile, ambayo mkate wa jana hauwezi kuifikia. Soma pia 2 Wakorintho 1:3, 4, uone Mungu anavyoitwa pale, na faraja aliyotupa tumepewa tuifanyie nini.

Linganisha mlo wa Eliya na kula kwa Waisraeli katika Hesabu 11:31–33. Vyote viwili vilitoka kwa Mungu. Tofauti iko wapi?

ALHAMISI
Ukianguka Siku ya Nne

Soma Warumi 7:18–25. Paulo anaelezaje mtu anayetaka jambo jema na kufanya jingine?

Wengi wetu tunaijua sura hii kutoka mezani. Umeazimia Jumapili, Jumatano kuna harusi, pilau na soda, umekula mara mbili, na Alhamisi asubuhi unasema, kwa kuwa nimeharibu, basi. Hilo neno "basi" limeua nia nyingi kuliko pilau lenyewe.

Ellen G. White alipokea nuru kuhusu afya tarehe 6 Juni 1863, huko Otsego, Michigan, akiwa na umri wa miaka 35. Wengi hudhani aliamka kesho yake akiwa mtu wa mboga bila shida. Yeye mwenyewe alisimulia vingine. Alikuwa amezoea nyama, na mkate wa kawaida haukumwingia kabisa. Aliketi mezani, akakunja mikono juu ya tumbo lake, akaamua kungoja mpaka aweze kula chakula rahisi, na ilimgharimu kukosa milo. Alipambana pia na siki aliyoipenda, hata akaugua alipoiacha. Katika miaka iliyofuata, akiwa safarini au mahali chakula kingine kilipokosekana, kuna nyakati alikula nyama. Ni baada ya mkutano wa makambi wa Brighton, Australia, Januari 1894, ndipo aliposema ameiondoa kabisa mezani pake. Kutoka 1863 hadi 1894 ni miaka 31. Wanaotumia vitabu vyake kama fimbo juu ya sahani za wenzao wangefanya vema kuikumbuka hesabu hiyo. Na wanaosema mapambano yao yamechukua muda mrefu mno, waikumbuke pia.

Neema haipunguzi umuhimu wa kushinda. Zaburi 103:13, 14 inasema Bwana anakumbuka tumeumbwa kwa kitu gani. Anayekumbuka hilo anaweza kutuinua Alhamisi asubuhi bila kushangaa, na mlo unaofuata ukawa mwanzo. Wagalatia 5:22, 23 inaweka kiasi miongoni mwa tunda la Roho, na tunda hukua.

Wazee miongoni mwetu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini kote walikaa katika vikundi, kijiji kwa kijiji, wakisikiliza redio, wakisoma kijitabu, wakijadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio peke yake isingechimba choo hata kimoja. Kilichofanya kazi ni jirani aliyejua kwamba wiki ijayo kundi litamwuliza. Nasi tuna kundi kila Sabato asubuhi, lenye kijitabu mkononi, na mara nyingi tunaulizana kama tumesoma kila siku, hatuulizani tulivyoishi.

Kundi letu tulianza na jambo moja tu: chakula cha pamoja cha Sabato mchana. Soda ziliondolewa, yakawekwa maji, maembe, mapapai na ndizi, kwa kadiri ya msimu. Sabato ya kwanza vijana walinung'unika kama Waisraeli, na mzee mmoja alitoka nje akanunua yake. Hakuna aliyemfuata wala kumtaja. Sasa huja na machungwa kutoka kwake. Mimi nimefika kijiko kimoja kwa kikombe. Sijafika bila sukari, na kipimo changu bado hakijakaa pale mtabibu anapotaka, ingawa kimeshuka.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Danieli 1:17–20 ukitafuta maarifa waliyopewa vijana wale yalitumika kwa faida ya nani. Kisha soma Isaya 55:1, 2, Warumi 14:13–17, na 1 Wakorintho 9:24–27. Ukiweza, pitia tena Hesabu 11:10–17, ambapo Musa naye anachoka na kusema anaona afadhali kufa. Linganisha alichopewa na Mungu na kile alichopewa Eliya: mmoja alipewa mkate na usingizi, mwingine wazee 70 wa kubeba mzigo pamoja naye.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kundi lenu, ni mambo gani ya afya ambayo mna ukuta juu yake, na ni yapi ambayo mna kipimo tu? Ni lipi kati ya haya mnalotumia kumpima mwenzenu kama Mwadventista wa kweli?

2. Warumi 14:17 inasema ufalme wa Mungu hauhusu kula na kunywa, na 1 Wakorintho 10:31 inasema hata kula kufanyike kwa utukufu wake. Mtu akiyashika maneno ya kwanza peke yake atafika wapi? Na akiyashika ya pili peke yake?

3. Mama mwenye watoto watano anapika ugali wa sembe kwa sababu watoto wanakataa dona, na mume anataka nyama malipo ya miwa yakitoka. Amesoma somo hili, anataka kuanza. Mwelekezeni hatua moja ambayo haitaleta vita nyumbani.

4. Ndugu mmoja darasani amepoteza uzito mwingi na kila Sabato anawaeleza wengine mabaya ya sahani zao. Maneno yake ni ya kweli. Kundi limwambie nini, na nani amwambie?

5. Rafiki yako mwenye kisukari amefiwa. Mnakwenda kumpa pole, na desturi ni kubeba sukari. Jadilini mtakachobeba, na mtakaa naye saa ngapi.